Afya ya Vilimani: Somo la Ushirikiano wa Taaluma katika Jiji la Mwanza

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya mawe. Igogo, Mabatini na Isamilo, nyumba zimepandana juu ya miamba ya graniti, na chini yake limetanda Ziwa Victoria, ambalo ni chanzo cha maji ya kunywa na pia mwisho wa kila kinachotiririka kutoka vilimani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,699,872. Mji unapokua kwa kasi hiyo, kila nyumba inayojengwa bila mpango huwa ni jambo la afya.

Swali la somo hili ni moja: kwa nini tabibu peke yake hawezi kuyamaliza magonjwa ya majitaka katika makazi ya namna hii?

Choo juu ya mwamba

Afisa afya hufundisha kwamba kinyesi kikitengwa na maji na chakula, njia ya kipindupindu na homa ya matumbo hukatika. Fundisho hilo ni sahihi, lakini mwambani shimo haliendi chini. Shimo fupi hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kulifikia, kwa kuwa njia ni vichochoro na ngazi za mawe. Mvua kubwa inaponyesha, uchafu hufurika, huteremka penye nyumba za chini, huingia Mto Mirongo na kufika ziwani.

Kinyesi huweza pia kuwa na mayai ya kichocho. Yakifika majini huanguliwa; vimelea huingia katika konokono, na wakitoka humo hupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mvuvi anayevuta nyavu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mgonjwa hutibiwa, kisha hurudi kwenye maji yaleyale.

Bomba jembamba

Katika mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, uliofadhiliwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, baadhi ya makazi ya vilimani yalijengewa mtandao wa majitaka uliorahisishwa. Leo huduma ya majitaka jijini iko chini ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA). Katika mtandao wa aina hii, mabomba membamba hulazwa karibu na uso wa ardhi, yakapita vichochoroni na nyuma ya nyumba. Mteremko huyashusha majitaka bila pampu hadi bomba kuu. Kilima kilichokuwa kikwazo cha shimo huwa msaada wa bomba.

Hata hivyo, bomba hilo halijengwi na mhandisi peke yake. Mtaalamu wa miamba huonyesha pa kupitia. Mpimaji na mtaalamu wa mipango miji huhifadhi njia kabla haijazibwa na ukuta. Afisa maendeleo ya jamii na mwenyekiti wa mtaa huzungumza na kila mwenye nyumba, kwa maana mmoja akikataa, walio juu yake wote hukosa huduma. Tabibu huonyesha ni mitaa ipi inayougua zaidi, ili kazi ianzie huko. Wakazi nao huchangia gharama na kuzuia taka ngumu zisitupwe kwenye chemba.

Mpaka wa halmashauri

Tangu mwaka 2012 Mwanza ina halmashauri mbili za mjini: Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Majitaka hayaujui mpaka huo, wala vimelea. Kwa hiyo takwimu za zahanati za pande zote mbili hazina budi kuwekwa juu ya ramani moja, mezani pa wapangaji, kabla kilima kingine hakijajaa nyumba. Kupitisha bomba katika njia iliyoachwa wazi ni kazi nyepesi. Kubomoa nyumba ya mtu ili bomba lipite ni gharama na uchungu.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wako, maji ya mvua hutoka wapi na huelekea wapi?
2. Ni nani hajawahi kuitwa katika kikao cha kupanga usafi wa mtaa huo, ilhali ujuzi wake unahitajika?
3. Zahanati yenu ina takwimu gani ambazo mhandisi angepaswa kuziona kabla ya kuchora?