Kabla ya kununua pikipiki iliyotumika, sikiliza gia zake

Somo letu la leo ni namna ya kutambua gia mbovu ndani ya injini ya pikipiki iliyokwisha tumika. Hapa kwetu Chunya pikipiki inafanya kazi nyingi. Inapeleka wachimbaji Itumbi na Matundasi, inabeba mbolea, inawahisha mama mjamzito zahanati. Wengi wetu tunainunua mkononi mwa mtu, kwa fedha za tumbaku za msimu mzima.

Waya wa klachi ukikatika, unaweza kubadilishwa kando ya njia. Gia sivyo. Gia zimo katikati ya injini. Ili kuzifikia, fundi huishusha injini kutoka kwenye fremu, hufungua kichwa na silinda, halafu huitenganisha nyumba ya injini vipande viwili. Tena gia iliyolika hubadilishwa pamoja na mwenzake inayosagana nayo. Ukijumlisha ufundi na vipuri, bei uliyoifurahia si bei tena.

Hebu tuone gia zinavyofanya kazi. Kila gia ina meno kuizunguka. Baadhi zina pia vijino vinene ubavuni. Ukikanyaga gia, kiuma cha chuma kinaisukuma gia moja kando, vijino vyake vinaingia katika nafasi za jirani yake, zinashikana. Vijino hivyo vikilika na kuwa mviringo, au kiuma kikipinda, gia haishiki sawasawa. Ukiongeza resi inachomoka.

Muuzaji atasema, "Ndugu yangu, injini hii haijaguswa." Ataisimamisha kwa stendi kubwa, ataingiza gia zote, tairi la nyuma litazunguka vizuri kabisa. Usiridhike. Tairi lililo hewani halina mzigo, na gia iliyolika huonyesha ubaya wake ikiwa na mzigo. Mwombe mpande nayo mlima. Sisi wa Chunya hatuna shida ya milima: barabara ya kwenda Mbeya, ambayo sasa ni ya lami, inapanda juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Lakini kilima chochote cha kijijini kinatosha. Vaa kofia ngumu, usipakie mtu, na jaribu mahali pasipo na magari.

Kabla ya kuondoka gusa injini. Ikiwa ya moto tayari, huenda imewashwa mapema ili kelele za asubuhi usizisikie. Tazama pia cheni. Cheni iliyolegea ikiruka juu ya meno ya sproketi hutoa mshindo unaofanana sana na wa gia, na watu wamefunguliwa injini bure kwa sababu hiyo.

Washa injini, iache nyutro, sikiliza. Kisha bana klachi. Kelele ikikoma au ikipungua sana, shuku gia, beringi zake au klachi yenyewe. Isipobadilika hata kidogo, fundi atazame pistoni na kranki kwanza.

Sasa panda kilima kwa kila gia, moja baada ya nyingine. Chukua daftari, na kila unaposimama andika: gia ya kwanza hivi, ya pili hivi. Mshindo wa ko-ko-ko unaosikika katika gia moja tu, na unaokwenda haraka kadiri mwendo unavyoongezeka, ni dalili ya jino lililovunjika au kumeguka. Mngurumo ulio katika gia zote huelekea kuwa wa beringi.

Hapa wengi huchanganya gia na klachi. Gia ikichomoka, inachomoka ghafla: injini inapiga kelele, pikipiki inakosa nguvu mara moja, na lazima ukanyage tena ndipo ishike. Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele lakini pikipiki bado inajikokota, na ukipunguza resi inashika yenyewe bila kukanyaga kitu. Sahani za klachi hubadilishwa bila kuipasua injini, kwa hiyo ubovu huo usikutishe sana. Omba tu upunguziwe bei.

Jaribio la mwisho ni oili. Katika pikipiki nyingi tunazotumia, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha gia, kwa hiyo chuma kinachomeguka huangukia humo. Ahidi kununua oili mpya, kisha mfungue nati ya chini injini ikiwa na joto kiasi. Kingeni oili kwa karai safi. Mchimbaji wa dhahabu anajua kutafuta chembe ndani ya karai. Tofauti ni kwamba safari hii unaomba usipate kitu. Ungaunga mwembamba unaong'aa kidogo ni wa kawaida. Vipande unavyovisikia kwa vidole si vya kawaida. Pitisha sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa. Vikinasa ni chuma cha pua, nacho ndicho kinachotengenezea gia. Visiponasa huenda ni aluminiamu ya pistoni au ya nyumba ya injini.

Ukipata kipande cha jino, usiiendeshe tena pikipiki hiyo, hata kuirudisha kwa mwenyewe. Isukumeni. Kipande kingine kikikwama kati ya gia, tairi la nyuma linaweza kugoma kuzunguka mkiwa mwendoni, na hata ukibana klachi halitaachia.

Yote yakiwa salama, linganisheni namba ya injini na ya fremu na zile za kwenye kadi, muandikiane mbele ya mashahidi, ndipo utoe fedha.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini kujaribu gia kwenye stendi hakutoshi?
2. Pikipiki inapiga kelele mlimani, lakini ukipunguza resi inashika yenyewe. Ni gia au klachi?
3. Katika kijiji chenu, nani ana sumaku?