Insulini Inaporukwa Kimyakimya

Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kukonda huku anakula: akipunguza insulini, inatosha. Mzazi mmoja wa Mtumba, Dodoma, ameuliza, daktari anajibu.

Shikamoo, daktari. Binti yangu ana miaka 16, yuko bweni. Anakula vizuri, lakini nguo zinampwaya. Daftari lake la sukari halina kasoro.

Marahaba, mama. Hilo daftari ndilo linalonitia wasiwasi. Hata mtu makini sana hupata 5 leo na 14 kesho. Ukikuta kurasa nzima ni 6 na 7, kwa wino uleule, huku kipimo cha wastani wa miezi 3 kiko juu, omba kuona mashine yenyewe. Nyingi hutunza majibu. Kisha tazama kichupa. Cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 40 kwa siku hukimaliza kwa siku 25. Kikidumu miezi miwili, kuna sindano zinazorukwa.

Kwa nini aruke dawa inayomweka hai?

Kabla ya kugundulika alikonda, insulini ikamrudishia mwili. Mashangazi na majirani wakamwambia, "Umenenepa, umependeza!" Kwetu ni sifa, lakini msichana wa umri huo huisikia vingine. Siku moja anagundua kwamba bila insulini sukari hutoka na mkojo, na kilo nazo zinapungua. Wavulana nao wamo. Ongeza makatazo ya kila mlo: ugali kidogo, zabibu usiguse, soda mwiko. Anayehesabiwa matonge huishia kula usiku kwa kujificha, kisha anajiadhibu kwa kutochoma. Mimi nalaumu makatazo hayo kuliko ninavyomlaumu mtoto. Zabibu chache, zikipigiwa hesabu katika dozi yake, hazina ubaya.

Na sukari ikishuka, anakula kwa pupa. Ni tatizo hilohilo?

Hapana. Anayetetemeka na kutoka jasho anajiokoa. Mpe sukari haraka.

Nimkemee?

Usimkemee, mama. Kaeni wawili tu, umuulize taratibu: "Mwanangu, kuna siku unashindwa kuchoma?" Akikubali, mshukuru. Usimlazimishe kurudia dozi zilizopita. Kliniki ikiona sukari iko juu huongeza dozi, kumbe hata ile ya mwanzo haikuchomwa. Siku akiichoma yote, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Ndiyo maana daktari wake lazima aujue ukweli huo kabla ya kubadilisha chochote. Ombeni pia mtaalamu wa saikolojia, na matroni wa bweni aelezwe, binti mwenyewe akiridhia.

Dalili gani ya kukimbilia hospitali?

Kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva mno. Hiyo ni tindikali imejaa kwenye damu, na inaua. Msisubiri asubuhi, mpelekeni usiku huohuo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, na mkifika mlangoni mwambieni muuguzi kwamba ana kisukari na huenda hajachoma insulini.