Kipa wa Akiba



Leo fungueni Matendo ya Mitume 1:15-26. Nafasi ya Yuda iko wazi. Petro anataka mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane mpaka Bwana alipopaa. Wanapatikana wawili: Yosefu Barsaba, aitwaye pia Yusto, na Mathia. Kura inamwangukia Mathia, na kila tarehe 14 Mei tunamshangilia. Mimi namfikiria Barsaba. Naye alikuwepo siku zote hizo.

Nimekuwa kipa namba mbili misimu sita, ligi ya mkoa, hapa Sumbawanga. Safari za Laela na Matai tunakwenda nyuma ya Fuso, vumbi mpaka kwenye meno. Kipa wa akiba anafanya mazoezi yote, anapigwa na upepo wote wa Ufipa, halafu anakaa. Mshambuliaji akiwa benchi anaweza kupewa hata dakika kumi za mwisho. Kipa haingii mpaka mwenzake aumie au apewe kadi nyekundu. Hapo ndipo shetani alipopata mlango kwangu.

Niliomba aumie. Sikusema kwa sauti, lakini niliomba, tena kanisani, baada ya Komunyo.

Akaumia. Goti. Nikaingia nikidaka huku mikono inatetemeka, na watu wakanipigia makofi. Usiku sikulala. Jumamosi iliyofuata nikaenda kitubio. Padre alinisikiliza, akaniambia Mungu havunji goti la mtu ili mwingine apate namba. Kisha akaniuliza, “Umeshakwenda kumwona?” Sikuwa nimekwenda. Malipizi yangu yakawa hayo: niende kwake, nikae, nisiondoke haraka.

Wiki saba nilikwenda. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua tu, basi. Baadaye tukaanza kubishana kuhusu Juma Kaseja, jinsi alivyorudishwa Taifa Stars akiwa KMC, baada ya miaka mingi nje, na Septemba 2019 Tanzania ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Mwenzangu akasema, “Unaona? Subira.” Mimi nikamwambia ukweli wa maombi yangu. Alinyamaza muda mrefu, jamani. Halafu akasema, “Nilijua. Hata mimi ningeomba.”

Goti lilipona na namba akarudishiwa. Sitawadanganya, iliniuma. Nimefikisha miaka 28, na sidhani kama kuna timu ya Championship itakayokuja kunitafuta.

Rudini kwenye somo, msome polepole. Baada ya kura, Barsaba hatajwi tena. Lakini Luka haandiki kwamba alikasirika, wala kwamba aliondoka. Jiulize: wewe ungebaki? Na ungemsalimiaje Mathia kesho yake asubuhi?

Jumamosi tunacheza Uwanja wa Nelson Mandela. Nitampigia mwenzangu mipira ya kupasha, ya chini kwanza kwa sababu ya lile goti, kisha nitavaa koti langu nikakae.