KIJIJI KIDOGO KATIKA BAHARI KUBWA: TRISTAN DA CUNHA



Katika jeografia tunajifunza sana habari za miji mikubwa. Mara hii sisi wa mwaka wa sita tunawaletea habari za kijiji kimoja tu, chenye watu wasiofika 250. Msicheke udogo wake. Wengi wetu tunatoka katika vijiji ambavyo karte haivionyeshi, na tukiisha kupata diploma tutakutana na swali lile lile ambalo watu wa kijiji hiki walilijibu mwaka 1962.

1. Mahali kilipo

Chukueni karte ya dunia. Wekeni kidole juu ya Cape Town, halafu mwende upande wa magharibi, baharini, kilometa 2.800 hivi. Hapo kuna alama ndogo sana: ndicho kisiwa cha Tristan da Cunha, chini ya Uingereza. Majirani wao wa karibu ni watu wa kisiwa cha St Helena, na hao wako mbali kilometa 2.400 hivi. Uwanja wa ndege hakuna. Mwenye kutaka kufika anapanda meli Cape Town na kukaa baharini karibu juma zima. Tena bahari ikichafuka, anangoja mbele ya kisiwa bila kushuka.

Kisiwa chote ni mlima wa volkano, urefu wake mita 2.060 hivi. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 98, lakini sehemu kubwa ni mawe na miteremko mikali. Watu wanakaa mahali pamoja tu, kwenye uwanda mdogo wa kaskazini.

2. Walianza namna gani?

Mreno Tristão da Cunha alikiona kisiwa mwaka 1506. Hakikuwa na mwenyeji hata mmoja. Mwaka 1816 Waingereza waliweka askari pale, maana Napoleon alikuwa mfungwa St Helena, na waliogopa watu wasije wakamtorosha. Mwaka 1817 askari waliitwa warudi. Kaporali mmoja, William Glass, mtu wa Scotland, aliomba kubaki pamoja na mke wake na watoto. Wenzake wawili walibaki naye. Mwezi wa Novemba 1817 waliandika mapatano: mali ni ya wote kwa sehemu sawa, gharama vilevile, na mtu asijifanye mkubwa juu ya mwenzake.

Mwaka 1827 wanawake watano walitoka St Helena, wakaolewa na wanaume waliokuwa peke yao. Wengine waliletwa na ajali za meli: Mholanzi Pieter Groen mwaka 1836 (jina lake likageuka kuwa Green), na Waitaliano Repetto na Lavarello mwaka 1892. Hivi damu ya Ulaya, ya Afrika na ya Asia imechanganyika katika kijiji kimoja.

Mateso hayakukosa. Mwaka 1885 wanaume 15 walipanda mashua kwenda kukutana na meli iliyopita, wasirudi tena. Kijiji kikabaki na wajane wengi. Lakini hakikufa.

3. Kazi na desturi

Ardhi ni ya wote, mgeni hawezi kuinunua. Mifugo ina hesabu yake kwa kila nyumba, ili mmoja asimalize majani ya wenzake. Wanalima mbatata mahali paitwapo Patches, mbali kidogo na nyumba. Feza zinatoka hasa baharini: wanavua langusti, wale kamba wakubwa, wanawagandisha kiwandani na kuwauza ng'ambo.

4. Moto wa 1961

Mwezi wa Agosti 1961 nchi ilianza kutetemeka. Mwezi wa Oktoba ardhi ikapasuka karibu kabisa na nyumba, na volkano ikatoka. Watu wote, 264, walipanda mashua wakakimbia. Meli ya Waholanzi iliwafikisha Cape Town, kisha wakapelekwa Uingereza. Moto ulifunika kiwanda chao cha samaki na pwani walipotia mashua.

Uingereza walipewa nyumba, kazi na mishahara. Waliona sinema, magari na maduka. Lakini waliugua sana kwa magonjwa wasiyoyazoea, na wazee kadhaa walikufa. Wengi huko walidhani hawatataka tena kurudi kwenye mawe yale. Mwezi wa Desemba 1962 wakapiga kura. Waliotaka kurudi: 148. Waliokataa: 5. Mwaka 1963 wakarudi, wakaanza tena. Bandari mpya ndogo iliyojengwa mwaka 1967 inaitwa Calshot, jina la kambi waliyokaa Uingereza.

Tuseme ukweli wote: baadaye wengine waliondoka tena, maana walikuwa wamezoea maisha ya kule. Hakuna aliyewafunga.

5. Na sisi je?

Jambo hili si geni kwetu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma. Watu wengi sana walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi wao walikuwa wamerudi, mawe yangali na moto. Juu ya nini? Kwa sababu kwao si nyumba tu. Kwao ni watu wanaokujua, shamba, na makaburi ya wazee.

Hatusemi kila mwenye diploma arudi kijijini. Tunasema hivi: kijiji hakihesabiwi kwa wingi wa watu wala kwa taa za umeme. Watu wa Tristan walirudi kwa sababu kule kila mtu ana sehemu yake, na hakuna mdogo. Kijiji ambacho wakubwa wanakula peke yao, vijana watakikimbia hata bila volkano. Basi, kabla ya kuwalaumu vijana wanaoondoka, tuulize wamewekewa sehemu gani. Na sisi tunaoondoka, tusitukane mahali palipotulea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa sababu gani askari waliwekwa Tristan mwaka 1816?
2. Mapatano ya 1817 yanaonekana wapi katika desturi za leo?
3. Ungekuwa mmoja wa wale 264, ungepiga kura gani? Toa sababu mbili.

Kwa jina la mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi