Kuchagua Vifaa vya Bei Nafuu kwa Kambi ya Kutazama Nyota

Utangulizi

Somo la anga ni miongoni mwa masomo ya sayansi yanayofundishwa mara nyingi kwa maneno matupu. Mwalimu huchora duara la jua ubaoni, akapanga sayari pembeni yake, na wanafunzi wakakariri majina: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mushtari, Zohali. Usiku wa siku hiyo hiyo Zuhura au Mushtari huweza kuwa inang'aa juu ya paa la nyumba ya mwanafunzi, naye asiitambue. Njia bora ya kuliziba pengo hili ni kambi ya usiku mmoja katika uwanja wa shule, ambapo wanafunzi hulala nje na kuisoma mbingu yenyewe.

Wanachuo wengi wanaposikia jambo hili huuliza kwanza, "Fedha za darubini zitatoka wapi?" Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo linatangulia mahali pasipo pake. Shule yenye fedha kidogo inaweza kufanya kambi njema, mradi mwalimu ajue kifaa kipi kinunuliwe kwanza, kipi kitengenezwe kwa mikono, na kipi kisinunuliwe kabisa. Aidha, fedha za shule ni fedha za wazazi. Kifaa kibaya kikishanunuliwa, kamati ya shule haitamsikiliza mwalimu kwa urahisi atakapokuja na ombi la pili.

Lengo kwanza, kifaa baadaye

Kabla ya kuandika orodha ya vifaa, mwalimu aandike lengo la somo. Kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, malengo manne yanatosha kwa usiku mmoja: (a) kutambua kundi moja au mawili ya nyota, (b) kutafuta kusini kwa kutumia nyota, (c) kuthibitisha kwamba nyota huonekana kuhama kutoka mashariki kwenda magharibi, (d) kuchunguza uso wa mwezi. Tukiyachunguza malengo haya tunaona kwamba matatu ya kwanza hayahitaji darubini hata kidogo. La nne hunufaika na darubini, lakini ndogo.

Vifaa vya kulala nje

Mwalimu akumbuke kwamba mtoto anayetetemeka kwa baridi au anayepiga mbu hajifunzi lolote. Kwa hiyo vifaa vya malazi hutangulia vifaa vya anga.

1. Chandarua. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, hivyo hakuna mtoto atakayelala nje bila chandarua, ikiwezekana chenye dawa. Vyandarua vingi vimo majumbani. Kinachohitajika ni kamba na miti ya kuvifungia. Wakati wa kutazama nyota wanafunzi wavae nguo za mikono mirefu na kujifunika miguu.

2. Kitu cha kutandika. Mwili hupoteza joto jingi kwa kugusana na ardhi baridi. Tandika karatasi ya nailoni ili kuzuia unyevu, kisha mkeka, kisha blanketi lililokunjwa. Mtoto mwenye mablanketi mawili afadhali alalie moja na kujifunika jingine kuliko kujifunika yote mawili. Katika nyanda za juu kusini, kama vile Njombe na Makete, baridi ya Juni na Julai ni kali mno. Huko wanafunzi watazame nyota nje lakini walale darasani.

3. Turubai. Turubai moja imara, kamba na vigingi hutosha kujenga kibanda cha kujikinga na umande. Hema la dukani ni zuri, lakini hema la bei ya chini kabisa kwa kawaida huvuja kwenye mishono, tena huchukua watoto wachache. Turubai litatumika pia katika sherehe na katika kufunika mazao ya shamba la shule.

4. Maji, sanduku la huduma ya kwanza, na vyoo vilivyo karibu. Mambo haya hayana mbadala.

Hapa pana tahadhari mbili. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika hema au chumba wanamolala watu, kwa sababu hewa ya sumu itokanayo na mkaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pia taa ya mafuta isiwekwe karibu na chandarua wala turubai. Wazazi watoe idhini kwa maandishi, na walimu wa kike na wa kiume wawepo usiku kucha.

Vifaa vya kutazamia anga

Macho. Kifaa cha kwanza kila mwanafunzi amekuja nacho. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili yazoee na kuona nyota hafifu. Mwanga mweupe wa tochi au wa simu, hata wa nukta chache, huharibu mazoea hayo, na darasa zima hulazimika kungoja upya.

Tochi nyekundu. Mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui macho sana. Chukua tochi ya kawaida, funika kioo chake kwa kitambaa chembamba chekundu, na ufunge kwa mpira. Tochi mbili au tatu za namna hii zinatosha darasa zima. Tochi moja ibaki na mwanga mweupe mkononi mwa mwalimu kwa ajili ya dharura, na kwa kumsindikiza mtoto chooni.

Ngumi. Mwanafunzi akinyoosha mkono mbele yake na kufumba jicho moja, upana wa ngumi yake ni karibu digrii 10, na upana wa kidole cha mwisho ni karibu digrii moja. Mtoto ana ngumi ndogo, lakini mkono wake nao ni mfupi, hivyo kipimo hakibadiliki sana. Kwa kifaa hiki kisicho na bei mwanafunzi hupima kimo cha nyota kutoka kwenye upeo wa macho.

Ramani ya nyota. Mwalimu asinunue ramani iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Ramani hizo huiweka Nyota ya Kaskazini mahali pa heshima, ilhali kwa mtu aliye kusini ya ikweta nyota hiyo iko chini ya upeo. Chora ramani yako mwenyewe juu ya kadibodi, ukionyesha makundi machache tu yanayojulikana. Desemba hadi Machi, jioni, kundi la Jabari, yaani Orion, hupita karibu na utosi, nyota zake tatu za mkanda zikichomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Aprili hadi Juni, Msalaba wa Kusini huonekana vizuri. Juni hadi Septemba, Nge hutanda juu, na moyo wake ni nyota nyekundu iitwayo Antares.

Darubini ya macho mawili. Iwapo shule ina fedha za kifaa kimoja cha kununua, kiwe hiki. Darubini hizi huandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji: kitu huonekana kama kimesogezwa karibu mara 7. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kutazama nyota, namba ya pili ndiyo yenye uzito. Mboni ya jicho la kijana hufunguka gizani hadi milimita 7 hivi. Lenzi ya milimita 50 ina eneo kubwa kuliko mboni hiyo mara 50 hivi, hivyo hukusanya nuru nyingi kwa kiasi hicho. Darubini ya 7x50 au 10x50 yafaa kwa watu wazima. Kwa watoto, 8x40 ni nyepesi zaidi na haichoshi mikono. Ukuzaji unaozidi mara 10 hauna faida mkononi, kwani mtetemo wa mikono nao hukuzwa.

Darubini ndefu ya stendi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sanduku huandikwa "mara 525" kwa herufi kubwa, na mnunuzi huvutiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita. Darubini ya milimita 60 basi haiwezi kupita mara 120, na hata hapo ni kwa usiku mtulivu. Zaidi ya hayo huonyesha ukungu mkubwa tu. Tena stendi zake dhaifu hutikisika kwa pumzi ya mtazamaji.

Pana sababu nyingine ambayo ni ya kialimu. Mbingu huonekana kuzunguka digrii 15 kwa saa, yaani nusu digrii kwa dakika 2. Darubini yenye ukuzaji wa mara 100 kwa kawaida huonyesha eneo la nusu digrii hivi. Maana yake ni kwamba kila baada ya dakika 2 sayari imetoka nje, na mwalimu hulazimika kuitafuta upya kwa kila mtoto. Katika darasa la wanafunzi 40, mwalimu atakuwa fundi wa darubini usiku kucha, na watoto 39 hawana kazi. Darubini ndefu ni kifaa chema kwa shule ambayo imekwisha kufanya kambi kadhaa na ina mwalimu aliyeizoea.

Kuipima darubini ya macho mawili dukani

Usinunue bila kujaribu. Fuata hatua hizi:

(a) Itazame kwa mbali ukiwa umenyoosha mikono. Duara za nuru katika lenzi za nyuma ziwe mviringo kamili. Zikiwa na pembe, vioo vya ndani ni vya hali ya chini.

(b) Tazama nguzo ya umeme iliyo mbali. Ukiona nguzo mbili, au macho yakiuma, irudishe.

(c) Kataa lenzi zenye rangi nyekundu inayometa, na pia zile ambazo ukuzaji wake hubadilishwa kwa kitufe.

(d) Kwa darubini ya mtumba, ipitishie mwanga wa tochi na uchunguze ndani. Utando kama wa buibui ni kuvu, maradhi ya kawaida katika hewa yenye unyevu ya pwani.

(e) Ikunje hadi mwisho. Macho ya mtoto yamekaribiana kuliko ya mtu mzima. Darubini isiyokunjika vya kutosha itampa mtoto nafasi ya jicho moja tu. Sharti hili husahauliwa sana.

Kuchagua usiku

Usiku mwema hautozwi ada. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, miezi ya kiangazi cha Juni hadi Agosti huwa na anga safi. Chagua siku ya 6 hadi ya 8 tangu mwezi kuandama. Wakati huo mwezi huwa nusu, na mashimo yake huonekana vizuri penye mpaka wa nuru na kivuli. Kisha huzama karibu na usiku wa manane, na anga hubaki giza hadi alfajiri. Mwezi mpevu haufai: hauna vivuli, na hufifiza nyota.

Mfano wa mpango wa usiku mmoja (katikati ya Julai, Dodoma)

Saa 10 jioni: kujenga kambi, wanafunzi kupanga nguzo na kamba kwa vikundi.

Saa 1 na nusu usiku: kuzima taa, kuzoesha macho, kutaja majina ya nyota yanayojulikana nyumbani.

Saa 2: kutafuta Msalaba wa Kusini. Mstari wake mrefu urefushwe mara nne na nusu kuelekea mguuni. Hapo ndipo ilipo ncha ya kusini ya mbingu, karibu kabisa na upeo katika nchi zilizo jirani na ikweta. Kila mwanafunzi apime kimo cha Msalaba kwa ngumi na kuandika.

Saa 2 na nusu: vikundi kupokezana. Kikundi kimoja hutazama mwezi kwa darubini, kikiwa kimelala chali na kuegemeza viwiko. Kingine huchora Nge. Cha tatu husimulia hadithi za nyota.

Saa 4: kupima Msalaba tena. Umeshuka kutoka ngumi tatu hivi hadi chini ya mbili. Mwalimu aulize sababu, asiitaje yeye. Kisha kulala.

Saa 11 alfajiri: Kilimia kimo kaskazini-mashariki. Kwa macho huhesabika nyota sita hivi. Kwa darubini, makumi. Mwalimu aeleze kwamba jina hili linatokana na kulima, na awakumbushe wanafunzi usemi wa wahenga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Saa 12 asubuhi: darubini zote zifungiwe kabla jua halijachomoza.

Hatua ya mwisho haina mjadala. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, huweza kumpofusha mtoto. Watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kulishuhudia jua likipatwa kwa umbo la pete walihitaji miwani maalumu hata kwa macho matupu, sembuse darubini.

Utaratibu wa kununua

Bei hutofautiana kwa mahali na wakati, utaratibu haubadiliki. Mwaka wa kwanza: karatasi za nailoni, kamba, kitambaa chekundu na kadibodi, kwa kuazima vyandarua na mablanketi. Mwaka wa pili: turubai na darubini moja ya macho mawili. Mwaka wa tatu: darubini ya pili inayofanana na ya kwanza, ili muda wa kungoja upungue kwa nusu. Baada ya hapo ndipo kamati ijadili darubini ndefu.

Hitimisho

Thamani ya kifaa cha kufundishia hupimwa kwa idadi ya wanafunzi waliokishika. Darubini ya thamani iliyofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu ni pambo. Ngumi ya mtoto, tochi iliyofunikwa kitambaa na mkeka uliotandikwa uwanjani vimekwisha kumpa mwanafunzi jambo kubwa: ameuliza swali kwa mbingu, na akajibiwa kwa macho yake mwenyewe.

Maswali ya majadiliano

1. Andika orodha ya vifaa vya kambi vilivyomo tayari katika majumba ya wanafunzi wa shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha.

2. Kamati ya shule imepewa zawadi ya fedha na inataka kununua darubini ndefu. Utatoa hoja zipi?

3. Andaa somo la dakika 40 la kuwazoeza wanafunzi kupima kwa ngumi mchana, kabla ya kambi.