Majina ya Nasaba: Bin, Binti na Mwene

Mwalimu aitaye majina darasani huko Rebero, Kigali, huenda akakuta ndugu wa tumbo moja, mmoja Habimana, mwingine Uwimana. Asidhani orodha imekosewa. Kwa desturi ya Wanyarwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Si lazima arithi la baba.

Nasaba, basi, hudhihirishwa kwa neno la uhusiano. Katika Kinyarwanda neno hilo ni *mwene*: Rudahigwa mwene Musinga, Musinga mwene Rwabugiri. Katika Kiswahili tunayo *bin* na *binti*, yenye asili ya Kiarabu: Shaaban bin Robert, Mwana Kupona binti Mshamu. Tuzingatie tofauti: *bin* na *binti* hubainisha jinsia ya mtajwa, *mwene* halibainishi. Hata Waselti wa kale wa Ayalandi walichonga mawe kwa maandishi ya Ogham wakitumia *maqi*, yaani ‘wa mwana wa’; neno hilo lina shina moja na *Mac* ya majina ya leo.

Sasa tulichanganue jina Uwimana: *uwa* + *Imana*, yaani ‘wa Mungu’. Kumbe -a unganifu, ambayo wanafunzi huiona ngumu katika Kiswahili, wanaibeba tayari katika majina yao. Mwalimu na aanzie hapo.

Zoezi
1. Andika upya kwa kutumia *bin*: Musinga, mwana wa Rwabugiri.
2. Eleza kwa nini *mwana wa* hufaa kwa jinsia zote mbili.