Mwezi Mbaya Ataulipa Nani?

SWALI: Nina umri wa miaka 31, nina mume na watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa nne nikiuza bima hapa Malindi kwa kampuni yenye makao makuu Nairobi. Mshahara wa msingi ni shilingi 18,000. Kinachobaki ni kamisheni. Kila Jumatatu tunaulizwa tageti mbele ya wenzetu kama watoto wa shule. Mei iliyopita sikuambulia hata kodi ya nyumba. Nimechoka kuuza. Sasa nina nafasi mbili. Kampuni ya viwanja upande wa Vipingo yataka niwe meneja wa maendeleo ya biashara: gari, simu, na asilimia ya kila kiwanja kitakachouzwa, bila mshahara. Sacco moja mjini Kilifi yataka niwe afisa wa kuhudumia wanachama kwa shilingi 42,000. Mume wangu asema nisiache mbachao kwa msala upitao. Dada yangu asema ni ujinga kukataa umeneja. Nishaurini. – Mchovu wa Tageti, Malindi.

JIBU: Dada, barua yako ina malalamiko mengi, na hakuna hata moja linalomhusu mteja. Hukusema wenye tuktuk wanakusumbua, wala hukusema huwezi tena kumweleza mtu faida ya bima. Umetaja Jumatatu, umetaja tageti, umetaja Mei. Kwa hiyo naomba nikatae neno lako moja: hujachoka kuuza. Umechoka kubeba hasara ya mtu mwingine. Kampuni inayokulipa 18,000 na kuacha riziki yako iliyobaki itegemee mauzo imekukabidhi sehemu ya hatari ya biashara yake. Mji ukikauka, wenye kampuni watapungukiwa na faida kidogo. Wewe utakosa kodi ya nyumba. Tukikubaliana hapo, basi kazi bora hupimwa kwa swali moja kabla ya cheo, gari na jina la ofisi: ukija mwezi mbaya, ataulipa nani?

Kwingine swali hilo huenda likawa la nadharia. Malindi na Watamu ni swali la kila mwaka. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hoteli hujaa na fedha huzunguka kutoka kwa mpishi hadi kwa kinyozi. Mvua za masika zikiingia Aprili, hoteli nyingine hufunga milango, wafanyakazi hupewa likizo isiyo na malipo, na mwenye tuktuk aliyekuwa akilipa bima ya mwaka mzima huomba ya mwezi mmoja. Tageti inayotungwa Nairobi kwa kuigawa hesabu ya mwaka mara kumi na mbili haijui kusi wala kaskazi. Na hiyo ndiyo miaka ya kawaida. Mwaka 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu pwani yetu, na mashirika ya utalii yakasitisha safari za kuja Mombasa. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tangu Machi 25 hadi Agosti 1, na Kilifi ikawa miongoni mwa kaunti zilizofungwa watu wasiingie wala kutoka. Mtu wa kamisheni hakuwa na uvivu wowote katika miezi hiyo. Alikuwa amejifunga kwenye kipato ambacho funguo zake ziko London, Roma na Nairobi.

Sasa tupime nafasi zako. Ile ya viwanja, ukiivua gari na cheo, inakutoa kwenye 18,000 na kukupeleka kwenye sifuri. Mwezi mbaya utaulipa wewe peke yako, na huenda mafuta ya hilo gari pia, waulize. Tena ardhi ya pwani yetu ina historia ambayo muuzaji hawezi kuikwepa. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwafungulia njia waliojua kupeleka madai mahakamani wasajili mashamba ya ukanda huu, na Mijikenda wengi wakabaki maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Mizozo hiyo haijaisha. Mnunuzi anaweza kulipa Nairobi, akaja kuona kiwanja chake na kukuta minazi, nyumba na makaburi ya watu. Hatamtafuta mkurugenzi. Atamtafuta meneja aliyempigia simu, mzaliwa wa Malindi mwenye wazazi wanaojulikana. Na ikiwa kampuni hiyo inauza ardhi ya watu wengine kwa niaba yao, Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inataka anayefanya biashara hiyo awe amesajiliwa na bodi yake. Umeneja unaokuweka mbele ya mnunuzi bila mshahara, pengine na bila usajili, ni kazi unayoikimbia sasa, ila imeongezwa lawama.

Sacco nayo si pepo. Shilingi 42,000 hazitaingia mfukoni zote. Ukitoa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na kodi ya mapato, kwa viwango vinavyotumika utabaki na kama 34,000. Kutoka Malindi hadi Kilifi ni kilomita zipatazo 60. Ikiwa hutahama, chukua nauli ya kwenda na kurudi uizidishe mara siku 22 za kazi, kisha uitoe hapo. Uhesabu pia nani atawapokea watoto jioni ukiwa bado barabarani. Halafu weka mezani hati zako za mshahara za miezi kumi na miwili. Usitafute wastani, maana wastani hukumbuka Desemba na kuusahau Mei. Angalia miezi mitatu ya chini kabisa, na usisahau kutoa kamisheni zilizorudishwa wateja walipokatiza bima zao. Kama hata miezi hiyo ilikuacha na zaidi ya hicho kitakachobaki cha Kilifi, ushauri wangu umekwama: baki ulipo, uitafute njia ya kuivumilia Jumatatu. Kwa jinsi ulivyoandika kuhusu kodi ya nyumba, sidhani.

Dada yako atasema muuzaji hodari hupata mara tatu ya karani wa Sacco. Ni kweli, wako. Lakini anayefaidi kamisheni ni yule mwenye kitu cha kumshikilia mauzo yakilala: mume mwenye mshahara mnene, nyumba isiyolipiwa kodi, au akiba ya miezi sita. Kwake hatari ni nafasi ya kutajirika. Kwa mwenye watoto wawili na nyumba ya kupanga, hatari hiyohiyo ni deni dukani. Atasema pia kwamba cheo cha meneja hufungua milango ya baadaye. Hufungua, ikiwa kina kitu ndani yake. Mwajiri wa kesho atakuuliza ulisimamia watu wangapi na bajeti ya kiasi gani, na kama jibu ni gari na simu, mlango utafungwa kwa adabu.

Mumeo namheshimu zaidi, kwa kuwa hofu yake ina mashiko, pengine kuliko anavyojua mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri mpya akuweke kwenye majaribio hadi miezi sita, na ukikubali inaweza kuongezwa ifike kumi na miwili. Katika kipindi hicho anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku saba tu. Leo unapolipwa kwa mwezi, unastahili notisi ya siku 28. Kwa hiyo, kwa nusu mwaka wa kwanza, utakuwa mwepesi kung'olewa kuliko ulivyo sasa. Hilo halinifanyi niseme usiende. Linanifanya niseme uende na akiba ya kodi ya miezi miwili, na uulize kwa maandishi muda wa majaribio ni upi. Uliza pia kama afisa wa wanachama ana idadi ya wanachama wapya anayodaiwa kila mwezi. Baadhi ya Sacco zimeanza kuiga mabenki, na hutaki kuikuta Jumatatu yako Kilifi imebadilisha jina. Na kama Sacco hiyo inapokea amana za watu, angalia kama imo katika orodha ya zilizopewa leseni na SASRA, mamlaka inayozisimamia chini ya sheria ya 2008. Sacco iliyoyumba hainusuru mtu na mwezi mbaya.

Yaliyobaki ni namna ya kutoka, na hapa watu wengi huharibu. Hati yako ya mshahara ikionyesha makato ya NSSF na kodi ya mwajiriwa, wewe ni mwajiriwa, hata kama meneja hupenda kuwaita mawakala. Mwajiriwa anaondoka kwa notisi ya maandishi na kulipwa hadi siku ya mwisho, pamoja na likizo ambayo hakuichukua: si chini ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Anastahili pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hana ruhusa ya kukunyima kwa sababu amekasirika. Kamisheni za bima ulizokwisha kuuza zidai katika barua hiyohiyo, kwa kuziorodhesha. Ikiwa una mkopo wa kampuni, uliza kabla ya kujiuzulu riba itakuwaje ukishaondoka. Mara nyingi hupanda, na huenda ikala tofauti yote tunayoihesabu hapa. Orodha ya wateja iache ofisini. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na namba za simu ulizopewa kwa ajili ya bima hazikupewa kwa ajili ya Sacco. Wanaokupenda watakutafuta wenyewe.

Hukumu yangu ni hii: viwanja vikatae leo, kwa upole, bila kuomba muda wa kufikiri. Ya Sacco ichukue ikiwa hesabu ya miezi mitatu itakubaliana nami, lakini usiandike barua ya kujiuzulu kwa ahadi ya simu. Ngoja mkataba uliotiwa saini na pande zote, wenye tarehe ya kuanza inayozipa nafasi zile siku 28. Na kabla hujautia saini, kaa na mumeo mzisome pamoja zile hati kumi na mbili. Ndizo zitakazomjibu, kuliko mimi.